Dorica Ambeba Bibi Arusi wa Rodwell

Kwa msomaji aliyepitwa na yaliyotangulia, mambo yenyewe ni haya. Rodwell alimwacha mkewe Dorica baada ya miaka sita ya ndoa, akasema amechoka kuishi na mwanamke anayehesabu samaki kabla ya kuwatia sufuriani. Koti la mfalme, yaani mahakama yake, likagawa mali. Mume akapata mashua ya mbao. Mke akapata mashine ya kuisukuma, kwa kuwa ilinunuliwa kwa pesa za kaka yake aliyekuwa akifanya kazi mgodini.

Rodwell akacheka mbele ya wazee. "Mashine bila mashua! Utaivaa shingoni sawa mukufu?"

Kisha akapiga makasia, akaenda zake Puta, huko mbali kando ya ziwa. Dorica akabaki Nchelenge na mashine ya nguvu za farasi tano, sufuria mbili, na shilingi nne.

Siku za kwanza Dorica alilia. Nani asingelia? Alilia akichota maji, akalia akimenya mihogo, akalia hata kanisani katikati ya wimbo wa shangwe, mpaka mke wa mchungaji akampitishia leso. Na mkono nao ulikuwa umezoea vibaya. Kila mchana ulisonga bukari, ugali wa watu wawili.

Siku ya tisa akapakua sahani mbili kama kawaida. Akala ya kwanza. Akaitazama ya pili. Akaila nayo. Kisha akasikia kwamba tumboni bado kuna nafasi.

"Kumbe!" akasema peke yake. "Miaka sita nimeshinda na njaa, miye nafikiri ni mapenzi!"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka jirani akaja kuchungulia kama kuna mgonjwa. Akafuta machozi, akakunja kitenge akakiweka kichwani, akajitwisha ile mashine kama mtungi wa maji, akashuka nayo ufukweni.

Pale ufukweni alikuwapo Kapembwa, mzee mfanyabiashara wa samaki kutoka Mununga. Kapembwa alikuwa na mashua kubwa na wapiga makasia wavivu. Mara mbili juma hilo samaki wake walikuwa wamefika Nchelenge wananuka, na malori yamekwisha kuondoka.

"Ba Kapembwa, mukwai," Dorica akamwambia kwa heshima ya Kibemba, "mashua yako inataka bwana. Nimekuletea."

Wakaelewana shilingi kumi na mbili kila safari, petroli juu ya Kapembwa. Ila Dorica alikuwa na sharti moja.

"Mashine yangu haitembei peke yake. Ni sawa binti ya mutu. Kule inaenda, na miye niko."

"Mwanamuke kuendesha mashine? Batu watasema nini?"

"Watasema samaki ya Kapembwa haitoe harufu tena."

Kapembwa akafikiri juu ya harufu ile. Akakubali.

Basi huo ndio ulikuwa mwanzo. Juma la kwanza mashine ilizimika katikati ya ziwa mara nne, na mara nne Dorica aliifungua, akaifuta, akaitukana kwa Kibemba na Kiswahili, ikawaka. Juma la tatu ilikuwa haizimiki tena. Watoto wa Mununga wakisikia ngurumo yake walikimbilia majini wakipiga kelele, "Mama Mashine! Mama Mashine!"

Pesa alizigawa katika mikebe mitatu. Mkebe wa kwanza wa kula na kutengeneza mashine. Wa pili, ule mzito, wa kununua mashua. Wa tatu ulikuwa mkebe mdogo wa kakao. Huo aliuita mkebe wa kucheka, na sheria yake ilikuwa kinyume cha ile ya wenzake: Jumapili isiukute na kitu.

"Unatupa feza," Kapembwa akamwambia.

"Situpi. Nikikaa bure, Rodwell ananirudia katika kichwa. Nikinunua kitu ya kunichekesha, anakosa pa kukaa."

Juma moja alinunua kopo la maziwa matamu, akalila lote kwa kidole, amekaa juu ya mawe, miguu ndani ya maji. Juma jingine akapita mpiga picha mwenye baisikeli kutoka Fort Rosebery. Dorica akavaa gauni lake la kanisani, akasimama wima kando ya mashine, mkono mmoja juu yake.

"Bwana wako tumungoje?" mpiga picha akauliza.

"Njo huyu, ndiye huyu hapa. Anakunywa petroli tu, na nikivuta kamba anaamuka mara moja. Piga picha."

Ufukwe mzima ukaanguka kwa kicheko, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya koti, watu wa Nchelenge walimcheka Dorica naye akiwa anacheka nao.

Mwezi wa nane ukaingia. Mwaka huo ulikuwa 1956, nyavu za nailoni ndiyo kwanza zinaingia ziwani, na kila mwenye mashua alikuwa anatajirika. Nkonde, seremala wa mashua, akawa na moja mpya, ya mbao safi, haijaguswa na maji. Bei yake pauni kumi na nane, yaani shilingi mia tatu na sitini. Dorica akafungua mkebe wa pili, akamwaga, akapanga. Pauni kumi na tatu.

"Nakungoja mpaka Jumamosi," Nkonde akasema. "Kuna mutu wa Kasenga anaitaka. Jumamosi ikipita, miye sina makosa."

Pauni tano kwa siku sita! Dorica akarudi nyumbani anahesabu safari kwa vidole vya mikono na vya miguu. Havikutosha.

Kesho yake, kana kwamba mtu alikuwa amesikiliza maombi yake dirishani, akatokea mgeni mwenye tai nyekundu. Jina lake Sampa, mtu wa Puta.

"Njo weye Mama Mashine? Kuna arusi kwetu Puta siku ya Ijumaa. Bibi arusi anatoka Mununga. Bwana arusi hataki makasia, anataka afike na mashine, inguruma, batu wote wasikie."

"Safari ndefu hiyo. Atalipa ngapi?"

"Pauni tano. Mbili sasa, tatu mukifika."

Dorica alishika ukuta. Hata mzungu hakuwahi kukodi mashine kwa pesa hizo. Mtu mwenye akili zake angeuliza swali moja au mawili. Dorica hakuuliza hata nusu. Alizipokea zile pauni mbili, akambusu Sampa mkono, akakimbia moja kwa moja mpaka kwa seremala, akazitia katika kiganja cha Nkonde pamoja na zile kumi na tatu.

"Bado tatu," akasema. "Jumamosi asubuhi. Chukua rangi, andika jina langu."

Alhamisi Dorica na Kapembwa wakaenda na mashua ya Kapembwa, wakalala Mununga. Ijumaa alfajiri, Dorica akiwa anamimina petroli na kuimba, Kapembwa akaja akikuna kichwa.

"Ba Dorica. Uliuliza jina ya bwana arusi?"

"Juu ya nini niulize? Miye nauza safari, siuze ndoa."

"Nimelisikia kwa majirani usiku." Akakuna tena. "Ni Rodwell."

Dorica akaweka kopo la petroli chini. Akakaa juu ya ukingo wa mashua. Kapembwa akasogea karibu, tayari kumshika kama ataanguka.

Mabega ya Dorica yakaanza kutikisika. Kapembwa akadhani ni kilio, akatoa leso.

"Pauni tano!" Dorica akapaza sauti, na kicheko kikamshika mpaka kwikwi. "Miaka sita sijawahi kupata pauni tano kwa mukono ya Rodwell! Sasa anaoa mwengine, njo ananilipa!"

"Turudishe pesa, twende zetu."

"Turudishe nini? Pesa ziko kwa Nkonde, zimegeuka ubao. Tunaenda, Ba Kapembwa. Ataniona. Na atalipa."

Alisema hivyo kwa sauti ya juu sana. Lakini alipoinama kufunga mashine, ilimbidi akaze skrubu zake mara mbili.

Bibi arusi akaletwa kwa ngoma na vigelegele. Aliitwa Ngosa, msichana mrefu wa miaka kama ishirini, kitambaa cheupe kimemfunika uso. Alifuatana na shangazi yake mmoja, mnene, aliyeogopa maji na hakujua lugha yoyote ila Kibemba. Shangazi akajibanza katikati ya mashua, akafumba macho, akaanza kusali. Ufukwe wa Mununga ulipotoweka nyuma, sala ilikuwa imegeuka kuwa koromo.

Ngosa akafunua uso. Akaja akaketi nyuma, karibu na Dorica. Mama yake alikuwa mtu wa Pweto, ng'ambo, upande wa Kongo, kwa hiyo Kiswahili kilimtoka kama maji.

"Yaya," akasema, kama mtu anayemwita dada yake mkubwa, "unafanya kazi kwa Rodwell miaka ngapi sasa?"

"Kazi?"

"Hii mashine yake. Alituambia ameachia mwanamuke mumoja wa Nchelenge aiendeshe, juu ya huruma. Mutumishi wake wa zamani."

Kapembwa, aliyekuwa mbele, ghafula akaona kitu cha maana sana cha kutazama upande wa milima.

"Mutumishi!" Dorica akasema. Kisha kicheko kikampanda tena, kikatoka puani. "Ee, nilitumika kweli! Nilifua, nilipika, nililala naye kitanda kimoja miaka sita! Ngosa, mudogo wangu, mashine hii ni yangu. Koti ilinipa. Miye njo muke wa Rodwell wa kwanza."

Alitazamia msichana naye atacheka. Ngosa hakucheka. Alitazama mashine, kisha mikono ya Dorica iliyojaa oili, kisha mashine tena.

"Na nyavu sita za nailoni alizotuambia?"

"Wakati tulikuwa naye alikuwa na moja ya kamba. Panya ndiyo waliikula."

"Na mashua?"

"Mashua alipewa na koti. Hiyo ni kweli. Sijue kama iko bado."

Shangazi akafumbua jicho moja. Akauliza kwa Kibemba, wanasema nini hao?

"Anasema anamshukuru Mungu kwa mume aliyempata," Dorica akajibu kwa Kibemba. Shangazi akatabasamu, jicho likafumba.

Ngosa akamsogelea Dorica mpaka magoti yakagusana.

"Yaya. Geuza."

"Nini?"

"Geuza mashua. Unirudishe Mununga. Hapana, Mununga wataniuliza. Unipeleke Nchelenge, kule kwako. Mutu anaanza na uongo tatu mbele ya arusi, nyuma ya arusi atanidanganya ngapi?"

Dorica hakugeuza. Mashine ilinguruma. Maji yalikuwa yamelala laini, na jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya vilima vya Puta.

"Sikiliza," Dorica akasema. "Nikigeuza, kesho ziwa nzima watasema muke wa zamani ameiba bibi arusi juu ya wivu. Nani atanikodi tena? Na kule Puta nangojewa na pauni tatu. Pauni tatu hizo ni mashua yangu, Ngosa. Ile ya kwangu mwenyewe. Nikiikosa kesho, nitabaki tu na mashine kwa kichwa, mpaka lini?"

"Basi niuze kwa pauni tatu," Ngosa akasema polepole.

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana maneno hayo yalimchoma Dorica. Alikumbuka siku ya arusi yake mwenyewe, uso ndani ya kitambaa, akiwa na furaha kama kuku aliyemwagiwa mahindi, na hakuna hata mtu mmoja ndani ya mashua ile aliyemwambia neno.

Alitaka kujibu. Lakini walikuwa wamezunguka rasi, na ufukwe wa Puta ukafunguka mbele yao.

Mama yangu, ufukwe ule! Bendera za karatasi zimefungwa kwenye matete. Kwaya ya akina mama wamevaa meupe. Ngoma tatu. Watu wameketi mpaka juu ya mitumbwi iliyopinduliwa. Waliposikia mashine, wote wakasimama, wakapiga vigelegele vilivyoruka juu ya maji na kuamsha shangazi.

Na mbele kabisa, ndani ya suti nyeupe kubwa ambayo mikono yake ilimfunika vidole, Rodwell.

Dorica alizima mashine. Mashua ikateleza kimya. Alingoja maumivu, kama mtu anayeligusa kwa ulimi jino lililokuwa likimsumbua. Miezi yote hii aliogopa dakika hii. Akamtazama Rodwell vizuri, kutoka kichwani mpaka viatuni. Akangoja.

Hakukuwa na kitu. Jino lilikwisha kung'oka, wala hakukumbuka siku gani.

Alijisikia mwepesi hata akashika ukingo asije akaelea.

Mara Rodwell akaanza kuingia majini. Na viatu vyake. Na suti. Maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani. Ufukwe ukapagawa. "Angalieni mapenzi!" wanawake wakapiga kelele. Kwaya ikapandisha sauti. Shangazi akalia kwa furaha.

Rodwell akafika, akashika ukingo wa mashua. Hakumtazama bibi arusi hata mara moja. Alimtazama Dorica, meno yakigongana, akanong'ona kwa Kiswahili ili wale wa ufukweni wasiambulie.

"Dorica. Mama. Asante Mungu njo weye mwenyewe umekuja. Nipandishe. Washa, twende."

"Twende wapi, bwana arusi?"

"Popote! Bajomba zake walifika asubuhi na baisikeli. Wanataka waone nyavu sita. Wanataka waone karatasi ya mashine. Mukubwa wao iko na fimbo sawa mupini ya jembe. Dorica, wataniua mbele ya kwaya!"

"Na mashua yako?"

"Niliuza. Nililipa ng'ombe moja ya mahari na hii suti. Hata suti nusu tu, ingine ni ya Sampa."

"Na pauni zangu tatu?"

Rodwell alipepesa macho. "Pauni gani? Zile mbili njo zilikuwa za mwisho."

Kapembwa akaguna huko mbele. Dorica akaona mawazoni ile mashua ya Nkonde, mbao zake safi, jina lake limekwisha kuandikwa kwa rangi, ikisukumwa majini na mtu wa Kasenga. Kesho asubuhi.

"Yaya," Ngosa akasema nyuma yake, kwa ile sauti yake ya polepole. "Washa. Lakini huyu abaki."

"Dorica, usimusikilize! Yeye abaki, miye nipande!"

"Anasemaje bwana arusi wetu?" shangazi akauliza kwa Kibemba, machozi yanamtiririka.

"Anasema tangu azaliwe hajaona bibi arusi mzuri kama huyu," Dorica akajibu.

Shangazi akainuka, mashua ikayumba, akapiga kigelegele kimoja kirefu. Ufukwe ukamjibu. Na kutoka kwenye ule umati wakatoka wanaume watatu, wajomba wa Ngosa. Hawakuwa wakicheza ngoma. Walikunja suruali, wakaingia majini, na yule wa mbele alikuwa na fimbo.

Dorica akashika kamba ya mashine. Alijua kwamba huu haukuwa wakati wa kucheka, na ndiyo maana kicheko kilikuwa kinampanda tumboni kama maji ya moto. Akakimeza. Akamtazama Rodwell, maji kifuani. Akamtazama Ngosa.

"Safari ya kuja nimelipwa pauni mbili tu," akasema. "Ya kurudi nani analipa?"

Mikono miwili ikainuka kwa pamoja, wa Ngosa na wa Rodwell, huu wa pili unachuruzika maji.